Uzamili wa wanyamapori: Masomo kati ya mafunjo na fuo za wavuvi

SHAHADA ya uzamili katika usimamizi wa wanyamapori humwandaa msomi kutunza wanyama wa mwituni pamoja na makazi yao. Nchini Kenya masomo haya hupangiwa takriban miaka miwili. Wengi hudhani kuwa anayeyafuata hushinda akitazama tembo na simba katika mbuga pana. Kwa mwanafunzi anayefanyia utafiti wake Kisumu na mwambao wa Ziwa Victoria, hali ni tofauti. Hifadhi za huko ni ndogo, zimezungukwa na mashamba, mitaa na fuo za wavuvi, na kazi ya kuwasikiliza watu ni nzito sawa na ile ya kuhesabu wanyama.

Hatua za masomo

Miongoni mwa vyuo vyenye idara ya fani hii ni Chuo Kikuu cha Eldoret, ambacho zamani kilikuwa bewa la Chepkoilel la Chuo Kikuu cha Moi. Karibu na ziwa, Chuo Kikuu cha Maseno na kile cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo hufundisha sayansi za viumbe na mazingira.

Sehemu ya kwanza ya masomo ni ya darasani: ikolojia, takwimu, sheria na mbinu za utafiti. Kisha mwanafunzi huandika pendekezo la utafiti na kulitetea mbele ya wahadhiri. Likikubaliwa, sharti apate leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI). Anayetaka kuwachunguza wanyamapori huhitaji pia kibali cha Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, yenye makao yake Naivasha. Barua hizi zikichelewa, msimu wa mvua au wa kiangazi aliotaka kuuchunguza waweza kumpita, naye akalazimika kuungoja mwingine.

Uwanja wa utafiti

Mjini Kisumu kwenyewe kuna Hifadhi ya Swala ya Kisumu, iliyotangazwa rasmi mwaka 1992. Ukubwa wake ni kilomita mraba 0.34 tu. Maji ya ziwa yalipopanda kupita kiasi mwaka 2020, sehemu yake ilifurika na baadhi ya wanyama wakahamishwa. Hapo mwanafunzi hujifunza jinsi mji na ziwa vinavyoibana hifadhi kutoka pande mbili.

Mbuga ya Kisiwa cha Ndere, iliyoanzishwa mwaka 1986, ina kilomita mraba 4.2 na hufikiwa kwa mashua. Dunga, kusini mwa mji, kuna mafunjo wanamoishi ndege wasioweza kustawi kwingineko. Katika Kinamasi cha Yala yumo nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kutembea topeni.

Mbuga ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, ina ukubwa wa kilomita mraba 120. Humo ndimo walimobakia korongo wa Kenya, swala wakubwa wenye pembe zilizopinda kuelekea nyuma. Sensa ya kitaifa ya mwaka 2021 ilihesabu chini ya 20. Kwa miaka mingi mbung'o waenezao malale waliwazuia watu kuhamia bonde hilo, wakawa walinzi wa korongo bila kukusudiwa. Mbung'o walipopunguzwa, mashamba yalisogea hadi ukingoni mwa mbuga, na mitego ya nyaya ikafuata.

Binadamu na mnyama

Siku ya utafiti huanza kabla ya jua kuchomoza. Mwanafunzi hutembea katika mstari alioupima, akiandika kila mnyama, unyayo na kinyesi anachokiona. Jioni huingiza takwimu katika kompyuta.

Kazi nyingine ni mahojiano. Asiyejua Kijaluo huhitaji mkalimani, na kabla ya kuuliza lolote ufuoni hupaswa kwanza kujitambulisha kwa chifu na kwa kamati ya usimamizi wa ufuo. Mvuvi atamweleza kuhusu kiboko aliyepindua mashua. Mkulima atamwonyesha shamba lililoliwa usiku. Mama anayesuka mikeka atasema kwamba mafunjo ndiyo karo ya watoto wake. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, lakini malalamiko kuwa malipo hukawia ni ya kawaida. Mtafiti huulizwa yeye kuhusu fidia hiyo ingawa hana mamlaka ya kuilipa. Huo ni mtihani usioandikwa katika mtaala: kusema ukweli, asiahidi asichoweza.

Gharama na manufaa

Asiye na ufadhili hujilipia karo, mafuta ya mashua, mkalimani na malazi. Wengine hufundisha shule mchana na kuandika tasnifu usiku, ndipo miaka miwili ikageuka minne. Wanaohitimu hutafuta kazi katika Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), serikali za kaunti, mashirika ya uhifadhi au vyuo.

Hata hivyo, tasnifu iliyofungiwa maktabani haimsaidii korongo wala mvuvi. Mwanafunzi anayerudi ufuoni kuwasomea wenyeji matokeo yake, kwa lugha wanayoielewa, huwaachia kitu cha kufanyia uamuzi, na mtafiti atakayemfuata hukuta mlango wazi.