Supu ya kuku aliyebaki Idi

Katika nyumba nyingi za Kilwa na Lindi, kuku wa Idi hubakiza mifupa yenye nyama. Isitupwe. Huchemshwa kwa moto mdogo pamoja na kitunguu, tangawizi na pilipili manga, kisha mchuzi huchujwa. Humo hupikwa vipande vya muhogo. Vikiiva, hutiwa nyama iliyochambuliwa na tui zito, huku supu ikikorogwa ili tui lisikatike. Ndimu hukamuliwa bakulini.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri chakula kilichopikwa kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa 2. Asiye na jokofu apike supu mara baada ya karamu. Kuku aliyelala mezani hafai hata akichemshwa upya, kwani baadhi ya sumu za bakteria hustahimili moto.