Kijisanduku kinachoitoa amplifaya jasho

Machi 1951, bendi ya Ike Turner ilifunga safari kutoka Mississippi hadi Memphis kurekodi katika studio ya Sam Phillips. Amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart haikufika salama. Wapo wanaosimulia kuwa ilidondoka kutoka juu ya gari, wengine husema mvua ndiyo iliyoiponza. Kwa vyovyote, spika ilikuwa imeharibika na fundi hakuwapo. Phillips akaishindilia karatasi, akawasha mitambo. Gitaa likatoka na sauti nene ya kukwaruza, kama koo la mtu aliyekesha akiimba. Wimbo huo, "Rocket 88", ulitolewa kwa jina la mwimbaji Jackie Brenston na ukashika nafasi ya kwanza katika chati ya R&B ya Marekani.

Amplifaya za wakati huo zilitumia valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka kwa ndani. Valvu ina kipimo chake. Ikiletewa mawimbi madogo huyakuza kama yalivyo; ikiletewa makubwa kupita uwezo wake, huyakata vilele. Wimbi lililokatwa kilele huzaa sauti nyingine juu ya ile ya awali, na sikio huzipokea zote pamoja: ukali, unene, na mvumo usiokufa upesi. Wahandisi waliiita kasoro. Wapiga gitaa waliitaka, ila kuipata kulidai kufungua sauti mpaka mwisho, madirisha ya jirani yakatetemeka.

Wengine walichukua njia ya mkato. Link Wray alizitoboa spika zake kwa penseli kabla ya kutoa "Rumble" mwaka 1958. Mwaka 1964, jijini London, Dave Davies wa The Kinks alichukua wembe akachana spika ya amplifaya yake ndogo, na mlio wake ukasikika katika "You Really Got Me".

Ubaya wa wembe ni kwamba spika ikishachanwa haishoneki. Ilihitajika kasoro ya kuwasha na kuzima.

Ya kwanza ilitoka Nashville. Katika kurekodi "Don't Worry" ya Marty Robbins, wimbo uliotoka mwaka 1961, njia moja ya mashine ya kuchanganyia sauti iliharibika na besi ya Grady Martin ikaanza kukoroma. Hawakuufuta mkoromo ule. Fundi mitambo Glenn Snoddy akauchunguza, kisha akauunda upya kwa transista. Kampuni ya Gibson ikauingiza sokoni mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone, ikiwaahidi wapiga gitaa kwamba wataweza kuigiza hata tarumbeta. Mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones aliitumia kwenye "Satisfaction", akikusudia ishike tu nafasi ya tarumbeta mpaka zirekodiwe zenyewe. Hazikurekodiwa.

Fuzz-Tone, hata hivyo, ilikuja na ukali wake yenyewe, na amplifaya ikawa msemaji tu. Wengine walitaka kinyume chake: amplifaya yenyewe ndiyo ilie.

Waingereza waliipata dawa hiyo bila kuitafuta. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Dallas iliuza Rangemaster, kisanduku cha kuwekwa juu ya amplifaya ili kuongeza sauti za juu, kwa sababu mashine nyingi za huko zilikuwa na mlio mzito uliofifia. Ndani mlikuwa na transista moja ya gerimani (germanium). Lakini kilipoongeza sauti hizo, kiliisukuma pia valvu ya kwanza ikalemewa. Mpiga gitaa Rory Gallagher alikitegemea, na Tony Iommi wa Black Sabbath alipiga kwa Rangemaster iliyochokonolewa na fundi.

New York kisa kilifanana. Mwishoni mwa miaka hiyo Mike Matthews, mwanzilishi wa Electro-Harmonix, alikwenda kuangalia kifaa kingine alichomwagiza mhandisi Bob Myer. Mbele ya kifaa hicho akaona kiboksi kidogo kimechomekwa. Myer akaeleza kwamba umeme wa gitaa ulikuwa dhaifu mno, kwa hiyo amekiweka cha kuupiga jeki. Matthews akakijaribu, amplifaya ikanguruma, na alichokifuata akakisahau. Kiboksi hicho kikawa LPB-1: transista moja, rezista chache, kapasita mbili, kitufe kimoja cha kuzungusha na betri ya volti 9. Mpaka leo ndiyo saketi ambayo wengi huanza nayo wanapojifunza kulehemu pedali zao, visanduku vya aina hii, nyumbani, kwa kuwa hata ikigoma, mahali pa kutafuta kosa si pengi.

Japani nayo ikaingia katika biashara hii. Mwaka 1977 Boss walitoa OD-1 ya njano. Mwaka 1979 ikaja Ibanez Tube Screamer TS808, ya kijani, iliyotengenezwa na kampuni ya Maxon kwa usanifu wa Susumu Tamura. Humo diodi mbili zimefungwa kinyume ubavuni mwa chipu ya kukuzia. Wimbi likifika kama nusu volti na ushei, diodi hufunguka na kulipunguza makali taratibu, badala ya kulikata kwa shoka. Kapasita moja na rezista moja hupunguza nguvu za sauti zilizo chini ya hezi 720 zisikwaruzwe sana, ndiyo maana pedali hii haivurugi besi.

Mpiga gitaa Stevie Ray Vaughan wa Texas alishusha kitufe chake cha mkwaruzo, akapandisha cha sauti, akaziacha amplifaya zake za Fender zifanye kazi ngumu. Wapiga muziki wa metali wakaja kuifuata njia hiyo hiyo hadi mwisho wake: mkwaruzo sifuri, sauti juu kabisa, na nyuzi nene zikakaza badala ya kutoa tope.

Kisha kukawa na pedali ya Klon Centaur. Kuanzia mwaka 1994 Bill Finnegan wa Massachusetts aliziunda kwa mkono, zikafika kama 8,000, na kila moja akaimwagia gundi nyeusi juu ya saketi ili wadokozi wasione kitu. Alipoacha kuziunda, bei ya zilizotumika ikapanda hadi maelfu ya dola. Wadokozi nao wakaibandua gundi, wakaichora saketi na kuisambaza, na nakala zikafurika madukani. Finnegan aliporudi na toleo dogo zaidi, KTR, alichapisha kwenye kasha lake ujumbe wa kuwakumbusha wanunuzi kwamba sifa zile za kupita kiasi, zinazowaudhi wengi, hakuzianzisha yeye.