Mkanda uliokatazwa: somo kutoka kwa matabibu wa makomando

Leo naweka programu kando kidogo tuzungumze kuhusu damu. Vumilieni, mwishoni mtaona kwa nini nimeileta habari hii hapa.

Tuanzie Mogadishu, kwa jirani. Tarehe 3 Oktoba 1993 makomando wa Marekani waliingia mjini kuwakamata wasaidizi wa Jenerali Aidid. Kazi iliyopangwa kuisha haraka ikageuka vita vya usiku kucha. Walikufa Wamarekani 18 na mamia ya Wasomali. Matabibu wa kikosi walikwama na majeruhi hadi usiku wa manane, magari ya deraya ya Malaysia na Pakistan yalipofika. Askari mmoja alikatika mshipa mkubwa juu kabisa ya paja, mahali ambapo hata mkanda haufungiki. Alifariki akisubiri.

Lakini kuna majeraha ambayo mkanda unatosha kabisa. Inakadiriwa kwamba katika vita vya Vietnam zaidi ya askari 2,500 wa Marekani walikufa kwa kuvuja damu mikononi na miguuni, bila jeraha lingine kubwa. Ukikaza mkanda juu ya jeraha, damu inasimama. Basi kwa nini haukutumika?

Kwa sababu mafunzo yaliukataza. Askari walifundishwa kwamba turniketi ni njia ya mwisho kabisa, kwani ukifunga mguu, mguu utakatwa. Kanuni nyingi pia zilitoka hospitalini: anza na njia ya hewa, damu baadaye. Sisi waandishi wa programu tunalijua kosa hili. Unachukua msimbo ulioandikwa kwa mashine moja, unaubandika kwenye nyingine bila kuujaribu, kisha unashangaa ukianguka.

Aliyeamua kuukagua ni Frank Butler, daktari wa macho ambaye zamani alikuwa komando wa jeshi la wanamaji. Mwaka 1996 yeye na wenzake walichapisha mwongozo mpya uliogawa kazi katika hatua tatu. Risasi zikiwa bado zinalia, jibu mapigo, na tiba karibu yote ni mkanda. Mkishapata kificho, kagua pumzi na majeraha mengine. Hatua ya tatu ni wakati wa kumsafirisha majeruhi.

Mwongozo ulikuwa wazi kwa kila mtu, lakini wengi hawakuufuata. Vita vya Afghanistan vilipoanza mwaka 2001, askari wengi wa Marekani waliondoka bila mkanda wa maana.

Kikosi cha Ranger kilikuwa tofauti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kamanda wao, Stanley McChrystal, aliifanya huduma ya kwanza kuwa moja ya mambo manne makuu ya mazoezi, sawa na kulenga shabaha. Kila askari alifundishwa, si tabibu peke yake. Tena waliandika kila jeraha kwenye kadi na kuhifadhi taarifa hizo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kati ya Ranger 32 waliofariki, hakuna hata mmoja ambaye tiba zaidi kabla ya hospitali ingemwokoa. Mwaka 2012 ukaja utafiti wa jeshi zima la Marekani, wa miaka 2001 hadi 2011. Karibu robo ya waliokufa kabla ya kufika hospitalini wangeweza kuokolewa, na wengi wao damu ndiyo iliyowaua.

Na ile hofu ya kukatwa mguu? Katika hospitali moja ya kijeshi Baghdad, mwaka 2006, walifuatiliwa majeruhi 232 waliofungwa mikanda. Hakuna aliyepoteza kiungo kwa sababu ya mkanda pekee.

Vita vilikuwa vilevile, na mwongozo ulikuwa uleule wa 1996. Tofauti ni kwamba kikosi kimoja kiliufanyia mazoezi na kuandika kilichotokea. Mimi nilikuwa naona uandishi wa kumbukumbu za programu ni kazi ya kuchosha. Siku hizi nikitaka kuuruka, nakumbuka zile kadi.

Haya, tuonane wiki ijayo.