Mifano Midogo ya Vyombo vya Vita

Watu wengi wakiona ndege ya vita iliyoundwa kwa plastiki, ndogo hata yaenea katika kiganja cha mkono, husema ni mchezo wa watoto, wakapita. Sisi hatuoni hivyo. Vitu hivi vidogo vina historia ndefu, nayo si ya mchezo tu: imepita katika makaburi ya wakuu, katika ofisi za majeshi, katika kambi za mateka, na katika madarasa ya shule wakati wa vita. Tena yatuletea swali ambalo mwalimu na mzazi hawana budi kulijibu: je, mtoto aundapo manowari au kifaru kidogo, hujifunza habari za vita, au hujifunza kuzisahau? Twataka kuyaeleza mambo haya kwa taratibu, kisha msomaji apime mwenyewe.

Asili ya kazi hii ni ya kale sana. Katika kaburi la Mesehti, liwali wa Asyut katika nchi ya Misri, aliyeishi miaka ipatayo 2,000 kabla ya kuzaliwa Kristo, waliwekwa askari wa mti waliochongwa na kupakwa rangi: 40 wa Misri wenye mikuki na ngao, na 40 wa Nubia wenye pinde. Wamepangwa safu kwa safu katika hali ya kwenda, wala hawalingani kwa kimo. Walikusudiwa kumlinda bwana wao katika maisha ya baadaye.

Miaka mingi ikapita. Katika karne ya 17 Waingereza waliunda mifano ya manowari zao kwa ustadi wa ajabu. Mara nyingi robo ya inchi katika mfano ilisimama badala ya futi moja ya chombo chenyewe, yaani kipimo cha 1 kwa 48. Na sehemu ya chini ya ubavu iliachwa wazi bila mbao, ili mataruma yaonekane. Mifano mingi ya namna hiyo ingaliko katika nyumba ya makumbusho ya bahari huko Greenwich, wala chombo chenyewe kilichofananishwa hakiko tena. Kimezama, au kimevunjwa kuwa kuni.

Wakati wa vita na Wafaransa, tangu mwaka 1797, mateka wengi walifungwa katika kambi ya Norman Cross huko Uingereza. Hawa walichukua mifupa ya nyama waliyopewa kwa chakula, wakaisafisha, wakaichonga manowari ndogo zenye milingoti na mizinga yake, wakaziuza kwa Waingereza wenyewe. Hapo twaona jambo la kufikiri: mtu aliyeshindwa vitani aliunda chombo cha vita kwa mifupa ili apate senti za kujikimu, na adui yake akakinunua, akakiweka nyumbani kiwe pambo.

Sasa tuje kwenye plastiki. Mwaka 1936, katika Uingereza, watengenezaji waliotumia jina la Frog walianza kuuza ndege za vita zilizofanywa vipande vipande kwa plastiki, mnunuzi aziunganishe mwenyewe. Wakaziita Penguin, kwa jina la yule ndege wa baharini asiyeweza kuruka, maana ndege nyingine za Frog ziliruka kweli kwa nguvu ya mpira, na hizi hazikuruka. Plastiki ya siku zile haikuwa imara. Baada ya miaka ilijikunja na kupotoka. Lakini kipimo chake kilidumu, nacho ni 1 kwa 72. Hesabu yake ni nyepesi, na mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wake: mtu wa futi 6 ana inchi 72, basi katika kipimo hiki mtu huyo ni inchi moja tu.

Vita Kuu ya Pili ilipofika, mfano mdogo uliacha kuwa mchezo. Mpiga mzinga melini huona ndege mbali angani, nyeusi kama kunguru, naye ana nukta chache za kukata shauri: ni yetu au ni ya adui? Akikosea, amewaua ndugu zake mwenyewe, au ameachia bomu lianguke. Kwa sababu hiyo, mwanzoni mwa mwaka 1942, Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule waunde mifano 500,000 ya ndege: aina 50, na kila aina mifano 10,000. Ilichongwa kwa mti katika kipimo kilekile cha 1 kwa 72, ikapakwa rangi nyeusi tupu, kwa kuwa angani huonekana umbo, rangi haionekani. Mfano ukiwekwa futi 35 mbele ya macho, ni sawa na ndege yenyewe iliyo mbali futi 2,520, kama nusu maili. Kazi ya watoto ilikaguliwa kwa vipimo, iliyopotoka ilikataliwa. Basi wavulana na wasichana waliokuwa hawajaona vita walishika tupa na msasa, na usahihi wa mikono yao ukawa jambo la uhai na mauti kwa watu wasiowajua.

Huko Japani nako, wakati wa vita, watoto walifundishwa shuleni kuunda ndege za mfano. Na hapa twafika katika mji ambao habari zake zatufaa kuliko zote, ndio Shizuoka.

Mji huu uko kati ya Tokyo na Nagoya, karibu na bahari. Husimuliwa ya kuwa katika karne ya 17, watawala wa ukoo wa Tokugawa walipoamuru hekalu kubwa la Sengen lijengwe, mafundi seremala na wachongaji wa nchi mbalimbali waliitwa, na kazi ilipokwisha wengi hawakurudi kwao. Kwa hiyo Shizuoka ukawa mji wa mafundi wa mti. Ustadi wa namna hii haupotei upesi, hupita toka baba kwa mwana. Kabla ya vita na wakati wa vita, kampuni kama Aoshima, na Hasegawa iliyoanza mwaka 1941, zilikuwa zikifanya mifano ya mti hapo hapo.

Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Juni, 1945, ndege kubwa za Marekani, aina ya B-29, ziliumwagia mji huo mabomu ya moto. Nyumba za mti ziliwaka kama makuti makavu, na watu wapatao 2,000 walikufa. Usiku ule ule ndege mbili katika zile B-29 ziligongana juu ya mji, zikaanguka, na Wamarekani 23 waliokuwamo wakafa. Mwenyeji mmoja wa Shizuoka, jina lake Fukumatsu Itoh, aliwatoa katika mabaki ya ndege, akawazika pamoja na watu wa mji, ingawa watu wengi hawakupendezwa. Baadaye alisimamisha mawe ya ukumbusho juu ya kilima cha Shizuhata, moja kwa ajili ya wenyeji waliokufa, na moja kwa ajili ya wale waliowaua. Ibada ya kuwakumbuka wote pamoja imefanywa huko mwaka hata mwaka, na Wamarekani nao wameihudhuria.

Mwaka uliofuata, yaani 1946, katika mji huo uliokuwa majivu, Yoshio Tamiya alianza kampuni ya kupasua na kuuza mbao. Mji uliochomwa huhitaji mbao nyingi. Baada ya muda kampuni hiyo ilianza kufanya mifano ya meli kwa mti, na mwaka 1953 ikaacha biashara ya mbao kabisa, ikashika mifano peke yake. Lakini mifano ya plastiki ilikuwa imeanza kufika kutoka Marekani, na watoto waliipenda zaidi, kwa sababu vipande vyake vilikwisha kupata umbo, hapana haja ya kuchonga. Tamiya na wanawe waliona ya kuwa mti hauna siku nyingi.

Yafaa tueleze kazi yenyewe. Kwanza fundi huchora kila kipande, kisha huchimba umbo lake katika kalibu ya chuma cha pua, yenye nusu mbili zinazofungana. Plastiki huyeyushwa kwa moto, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, ikapoa, na kalibu ikifunguliwa hutoka vipande vingi vimeshikamana na kijiti kama matunda katika kichala. Mnunuzi huvikata kwa kisu, huvilainisha kwa msasa, na kuviunganisha kwa gundi inayoyeyusha kidogo kingo za plastiki hata vipande viwili viwe kimoja. Kisha hupaka rangi. Plastiki yenyewe ni rahisi. Kilicho ghali ni kalibu. Kampuni ikikosea kuchagua chombo, fedha yote ya kalibu imepotea.

Ndivyo ilivyompata Tamiya. Mfano wake wa kwanza wa plastiki, wa mwaka 1960, ulikuwa wa manowari Yamato katika kipimo cha 1 kwa 800. Mtengenezaji mwingine alikuwa akiuza meli ile ile kwa bei ndogo zaidi, na kampuni ikapata hasara. Haikukata tamaa. Muda mfupi baadaye ilitoa kifaru cha Kijerumani kiitwacho Panther, chenye mota na betri, kiwezacho kutambaa sakafuni, na picha nzuri juu ya kisanduku iliyochorwa na Shigeru Komatsuzaki. Hicho kilipendwa mno. Kipimo chake kilikuwa 1 kwa 35, na sababu yake yachekesha: kilifanywa kikubwa kiasi hicho ili betri zipate nafasi ndani. Lakini vifaru vingine vilivyofuata vilifanywa kwa kipimo hicho hicho, kampuni nyingine zikafuata, na hata leo 1 kwa 35 ndicho kipimo kitumikacho sana kwa vifaru duniani. Shunsaku Tamiya, mwana wa Yoshio, hakutosheka na picha za vitabuni. Alisafiri mpaka Aberdeen katika Marekani, palipokusanywa vifaru vya vita, akavipima na kuvipiga picha kila upande. Hivyo mwana wa mji uliochomwa na Wamarekani alikwenda kwa Wamarekani kupima vyombo vya vita kwa utepe, akapokewa.

Leo Shizuoka hujulikana kuwa mji mkuu wa mifano ya plastiki, na kila mwaka mwezi wa Mei waundaji hukusanyika huko kuonyesha kazi zao. Katika maduka yake hununuliwa hata mfano wa B-29.

Je, jambo hili ni jema au ni baya? Wako wasemao ni aibu kuuza kwa watoto sura ya chombo kilichowaua babu zao. Wako wajibuo kwamba chombo hakina dhambi, na kwamba kuunda ni bora kuliko kuvunja. Sisi twaona kila upande una neno, lakini hatari yenyewe iko mahali pengine. Mfano husema kweli juu ya chuma na hunyamaza juu ya watu. Yamato ilizamishwa tarehe 7 Aprili, 1945, na watu wake wapatao 3,000 wakafa nayo. Katika mfano kuna mizinga yote, minara yote, hata nanga. Wale 3,000 hawamo. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Katika Ujerumani sheria hukataza kuonyesha alama za chama cha Hitler, na kwa hiyo mifano mingi iuzwayo huko haina alama ile katika mkia wa ndege. Twafahamu sababu ya sheria hiyo, nayo ni nzito. Lakini mkia mtupu haumwelezi mtoto kitu. Asiposimuliwa na mtu mzima kwamba palikuwa na alama hapo, na kwa nini iliondolewa, atadhani ndege ile ilikuwa ndege kama nyingine.

Linganeni na mji wa Kure, ambako Yamato iliundwa kwa siri. Huko nyumba ya makumbusho ilifunguliwa mwaka 2005, nayo ina mfano wa manowari hiyo katika kipimo cha 1 kwa 10, wenye urefu wa meta 26.3. Ni mkubwa kuliko majahazi mengi ya pwani yetu. Lakini katika nyumba hiyo hiyo zimewekwa barua na picha za vijana waliokufa melini. Mgeni hutazama chuma, kisha hutazama nyuso. Twaona hiyo ndiyo njia ya haki.

Basi, kwa wazazi na walimu ambao watoto wao wamependa kazi hii, shauri letu ni hili. Msiwakataze. Kazi hii hufundisha subira, usafi wa mikono, hesabu ya vipimo, na kuheshimu kweli ya kitu jinsi kilivyo. Lakini mfano ukiisha kukauka rangi, mwulizeni mtoto maswali matatu: nani waliokuwamo ndani yake, nani waliokuwa mbele ya mizinga yake, na mwisho wake ulikuwaje. Asipojua, atafute katika vitabu, au aulize wazee. Akipata majibu ayaandike katika karatasi, aiweke chini ya mfano wake, ili mtu mwingine atakayeuchukua mkononi apate kuyasoma.