ALUMINI: FUNDI YUPI ANAVUTA NINI?

Vijana wengi hapa Kiomboi wakimaliza shule wanawaza ufundi, na swali linakuja lilelile: eti kuchomelea alumini kunaua mapafu? Nimefuatilia. Jibu linategemea umeshika kazi ipi.

Fundi madirisha hachomelei kabisa jamani. Anakata kwa msumeno wa umeme, anatoboa, anafunga kwa skrubu na ribiti. Shida yake ni kelele na chembe zinazorukia machoni. Huyo ana nafuu.

Mwenye shughuli ni anayeziba silinda hedi au rejeta. Ule mwanga una miale usiyoiona, na alumini kwa kung'aa kwake inairudisha mpaka chini ya kidevu. Macho hayaumi palepale. Ni usiku ndo unahisi umemwagiwa mchanga. Miwani ya jua hapo ni urembo tu, inatakiwa kofia yenye kioo maalumu cha giza. Miale hiyohiyo inageuza oksijeni kuwa ozoni, gesi inayowasha mapafu na huioni. Alumini inachomelewa kwa mashine ya waya na gesi ya agoni, na hapo ozoni huwa nyingi kuliko kwenye geti la chuma. Halafu kuna moshi wenyewe. Alumini hubaki mapafuni na kwenye mifupa, ndo maana mchomeleaji wa miaka mingi hukutwa nayo kwenye mkojo hata akiwa ameacha kazi. Mwaka 2017 IARC, taasisi ya saratani ya WHO, iliweka moshi wa kuchomelea, wa alumini na wa chuma, kundi la 1: unasababisha saratani kwa binadamu.

Wayeyusha sufuria hawana mwanga ule. Wao wana chakavu lenye rangi, mafuta na wakati mwingine risasi, kwenye joto la nyuzi 660 na zaidi. Chakavu likiingia na maji, uji unalipuka.

Kali zaidi ni ya Kanada. Kuanzia 1943 hadi 1979 wachimba dhahabu wa Ontario walipuliziwa vumbi la alumini kwa makusudi, wakiambiwa linakinga mapafu. Mwaka 2022 Ontario ikakubali kuwa Parkinson kwa wachimbaji hao ni ugonjwa wa kazini.

Na ile ya kunywa maziwa? Maziwa yanaenda tumboni, moshi uko mapafuni. Havikutani! Chomelea nje, upepo ukutoke ubavuni, kichwa kisiwe juu ya moshi. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Dogo anayejifunza kwenye fremu ya mtu bila karatasi yoyote atamdai nani? Mafundi mliomo humu, bosi wako alikupa kofia au ulijinunulia? Dondosheni maoni hapo chini.