Maji ndani ya bwati: kamyo, mvua na barabara ya kurudi



Kwenye mkutano uliopita mama mmoja alisimama akauliza: «Kwa nini mwezi wa pili tumelipa mafuta ya bwati mara tatu kwa safari moja?» Swali ni la haki, makuta ni ya michango yetu. Jibu liko ndani ya historia ya hii barabara ya Pweto.

Zamani za Wabelgiji, watu wa vijiji vya kando ya barabara walilazimishwa kusafisha mifereji na kuziba mashimo. Wazee wanakumbuka kazi ile kwa uchungu, lakini maji yalikuwa na njia yake. Kisha mifereji ikaachwa, na maji yakachukua barabara yenyewe.

Desemba 2000 vita vikafika Pweto, pale mto Luvua unapotoka katika ziwa Mweru. Jeshi lililokuwa linarudi nyuma lilitegemea kivuko. Kikazama na kifaru, magari mengi yakabaki ukingoni, yakachomwa. Sisi raia tulikimbilia Zambia, wengi mpaka kambi za Kala na Mwange.

Novemba 2006 Congo, Zambia na HCR walitia sahihi mapatano, na Mei 2007 safari za kurudi zikaanza. Watu wa Moba walipanda meli Mpulungu, wa Pweto walipanda kamyo. Safari zile zilipangwa hasa wakati wa kiangazi, maana mvua ya Novemba mpaka Aprili inakata njia. Lakini njaa haingoji kiangazi. Kamyo za wafanyabiashara ziliendelea kuvuka mito wakati wa mvua, na ndipo mashofere wetu walijifunza adui ni nani.

Watu wanaogopa maji kuingia ndani ya injini. Injini ikinywa maji inazimika, kila mtu anajua. Bwati, yaani giaboksi, inanyamaza. Imepanda mlima na mzigo, imepata moto sana. Shofere anaingia mtoni moja kwa moja. Hewa ya ndani inapoa ghafla, inajikusanya, na bwati inavuta maji kupitia tundu lake la kupumulia na sili zilizochoka. Kamyo inatoka upande wa pili, watu wanapiga makofi. Ndani, maji na mafuta vinasagwa pamoja mpaka vinakuwa kama chai ya maziwa. Mafuta hayo hayalindi tena meno ya gia. Rulema zinaanza kushika kutu, na kiisha siku chache unasikia kelele. Hapo umechelewa.

Februari hii kamyo yetu ilivuka kijito kilichojaa, mbele ya Kasomeno, na mabati ya nyumba za familia zilizorudi. Maji yalifunika bwati. Papa shofere akasimamisha kamyo ng'ambo, akasema haendi. Sisi wa ofisi tulimpigia simu tukamwambia aendelee, maana siku ya kugawa mabati ilikuwa imetangazwa na watu walikuwa wanangoja. Akakataa. Tulikasirika, tuseme ukweli. Yeye aliwahi kuona kamyo za wengine zikifia njiani hivyo hivyo.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha injini, alilegeza kidogo boliti ya chini ya bwati. Maji yakatoka kwanza, kisha mafuta. Maji ni mazito kuliko mafuta, usiku yanashuka chini. Kama angewasha, yangechanganyika.

Tulituma mafuta kwa pikipiki. Walishusha mabati, wakamwaga yote, wakatia mafuta ya bei ndogo, wakatembeza kamyo polepole kilomita chache, wakamwaga tena. Mara ya pili bado yalikuwa meupe kidogo. Mara ya tatu yalitoka safi, njo wakatia mafuta mazuri. Difu nayo ilikaguliwa. Njo hizo mara tatu za kwenye hesabu. Mabati yalifika kwa kuchelewa siku nne, na familia zile zililala chini ya mahema wakati mvua inanyesha. Tunawaomba radhi. Lakini bwati nyingine, hata ya mtumba, ingemaliza sanduku letu, na safari zote zilizobaki zingekufa.

Tumeamua mambo matatu. Tundu la kupumulia limefungiwa mpira mrefu unaopanda mpaka nyuma ya kabini. Mbele ya kila mto mwenye maji mengi, kamyo itasimama ipoe, na mtu atapima kina kwa miguu na fimbo. Na kiisha kuvuka, neno la mwisho ni la shofere, si la ofisi.

Wafadhili wanapenda kuona mabati na mbegu kwenye ripoti, na wana haki. Tunawaomba wakubali pia mstari mdogo wa mafuta ya bwati. Bila huo mstari, mabati yanabaki Lubumbashi.