Jinsi ya kuchagua na kutumia sabsoila kupasua udongo mgumu

WAKULIMA wengi wa mahindi na ngano katika Bonde la Ufa wamezoea kulima mashamba yao kwa plau ya diski mwaka nenda mwaka rudi, bila kubadilisha kina. Plau hiyo hukata na kugeuza udongo wa juu, kwa kawaida sentimita 15 hadi 25, huku ikikandamiza ule unaobaki chini yake. Magurudumu ya trekta na ya lori la mavuno, pamoja na kwato za ng’ombe wanaoachiliwa kula mabua, huongeza mkandamizo huo. Hatimaye, chini kidogo ya kina cha plau, huzuka tabaka gumu lililoshikamana mithili ya sakafu.

Madhara ya tabaka hilo huonekana juu ya ardhi. Mvua inyeshapo, maji hutuama au hutiririka na kubeba rutuba. Mizizi nayo hufika kwenye tabaka na kupinda kando. Kiangazi kifupi kikitokea katikati ya msimu, mahindi hunyauka mapema ilhali pengine unyevu ungalipo sentimita chache tu chini ya mizizi.

Kifaa kinachotumiwa kuvunja tabaka hilo ni sabsoila. Hii ni fremu ya chuma inayofungwa nyuma ya trekta, yenye mguu mmoja au zaidi, mirefu na minene, na kila mguu una ncha ya chuma kigumu. Tofauti na plau, sabsoila haigeuzi udongo. Huuinua kidogo kutoka chini na kuuachilia, ukapasuka nyufa.

Hata hivyo, kazi hii hunyonya dizeli nyingi na gharama yake ni kubwa. Humfaidi mkulima iwapo tu mambo matatu yametimia: tabaka gumu lipo kweli, udongo umekauka inavyofaa, na mkulima amejiandaa kutolirudisha tabaka hilo. Moja likikosekana, fedha hupotea.

Chimba shimo kwanza

Kabla ya kununua au kukodisha kifaa, mkulima achimbe mashimo matano au sita katika sehemu mbalimbali za shamba, kila moja la kina cha sentimita 60 hivi. Aanze pale mimea ilipodhoofika, kisha achimbe mahali ilipostawi ili alinganishe.

Achukue kisu na kukidunga katika ukuta wa shimo, kuanzia juu kwenda chini. Penye tabaka gumu kisu hukataa kuingia, kisha chini yake huingia tena kwa urahisi. Apime kwa rula mahali tabaka linapoanzia na linapoishia, kwa sababu vipimo hivyo viwili ndivyo vitakavyoamua kina cha kazi. Pia aangalie mizizi ya mahindi: iliyopinda kama kiwiko na kutambaa kando ni dalili ya tabaka.

Si kila ugumu hutibiwa kwa sabsoila. Katika sehemu za Uasin Gishu kuna mashamba yenye murram karibu na uso wa ardhi. Hilo ni tabaka la kiasili, na kulivamia kwa chuma ni kuvunja kifaa bure. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa nyanda za Kano na Athi, hupasuka wenyewe unapokauka, hivyo mara nyingi hauhitaji msaada huo. Aidha, mizizi inaweza kudumaa kwa sababu udongo una asidi nyingi, tatizo linalopatikana pia katika maeneo ya North Rift. Huko tiba ni chokaa ya kilimo. Ni vyema basi udongo upimwe katika maabara, kama zile za taasisi ya KALRO, kabla ya kuamua.

Kuteua kifaa

Madukani na kwa wakodishaji matrekta, majina huchanganywa. Ripa ni kifaa chepesi kinachochana mstari wa kupandia, aghalabu hadi sentimita 25 au 30. Plau ya chizeli ina meno mengi na hulegeza shamba lote kwa kina kama hicho. Sabsoila ndiyo inayofika sentimita 35 hadi 50. Ikiwa tabaka linaishia sentimita 20, ripa au chizeli yatosha. Hakuna haja ya kulipia sabsoila.

Kanuni ya kina ni rahisi: ncha ipite takriban sentimita tano chini ya mwisho wa tabaka, si zaidi. Tabaka likiishia sentimita 30, kazi ifanywe kwa sentimita 35. Kuongeza kina bila sababu huongeza mzigo wa trekta bila faida.

Ncha pia ina kikomo chake. Kwa kawaida haipasui vyema ikizamishwa kupita mara sita ya upana wake. Ncha ya upana wa sentimita saba basi hufanya kazi hadi karibu sentimita 42. Chini ya hapo hukandamiza udongo kando badala ya kuuinua, na hivyo kuzua ugumu mpya.

Miguu iliyopinda kuelekea mbele huvutwa kwa urahisi kuliko iliyonyooka. Baadhi ya sabsoila huwa na mabawa madogo ya chuma kandokando ya ncha. Mabawa huongeza mzigo kwa kila mguu, lakini hupasua eneo pana zaidi, hivyo miguu huweza kutenganishwa. Bila mabawa, umbali kati ya mguu na mguu uwe mara moja hadi moja na nusu ya kina. Kwa mabawa, uwe mara moja na nusu hadi mbili. Kwa kina cha sentimita 35, hiyo ni sentimita 35 hadi 52 bila mabawa, na 52 hadi 70 kwa mabawa.

Nguvu ya trekta nayo izingatiwe. Kwa makadirio ya kawaida, kila mguu huhitaji nguvu farasi 30 hadi 50, kutegemea kina na aina ya udongo. Trekta la nguvu farasi 50 basi livute mguu mmoja tu. Mwenye trekta dogo akijitolea kuvuta miguu mitatu, mkulima ajue kwamba ama kina kitapunguzwa, ama magurudumu yatateleza na kuukandamiza udongo upya.

Anayenunua akague pia kama vipuri vinapatikana karibu, hasa ncha na bolti ya usalama. Bolti hiyo imetengenezwa ikatike mguu unapogonga jiwe au kisiki, ili mguu na fremu visivunjike. Kuweka mahali pake bolti ngumu zaidi ni kuhamisha hasara kutoka kwa bolti hadi kwa kifaa chenyewe.

Wakati ufaao

Kosa kubwa ni kupasua udongo ukiwa na maji. Udongo mbichi haupasuki. Ncha huukata kama kisu kinavyokata siagi, ikaacha mfereji wenye kuta laini zilizozibwa, na tabaka likabaki kama lilivyokuwa.

Jaribio lake halihitaji mashine. Mkulima atwae udongo kutoka kwenye tabaka lenyewe, si wa juu, na kuufikicha kati ya viganja. Ukitengeneza uzi mwembamba wa milimita tatu bila kukatika, asubiri. Ukimeguka na kuwa chembechembe, aanze. Lakini ukikauka mno hadi kuwa kama tofali, mabonge makubwa huibuka na mzigo humlemea mvutaji.

Katika maeneo ya North Rift, wakati mwafaka ni baada ya mavuno ya mahindi, hasa Januari na Februari, kabla ya mvua ndefu. Ukambani, ambako wengi hutegemea mvua ya vuli, kazi ifanywe Agosti au Septemba.

Kazi shambani

Kwanza, mkulima aulize kuhusu mabomba ya maji na nyaya za umeme zilizozikwa, na visiki ving’olewe. Sabsoila ifungwe kwenye mikono mitatu ya kunyanyulia, kisha mkono wa juu urekebishwe hadi fremu ilale sawa.

Dereva aende polepole, kilomita nne hadi sita kwa saa. Baada ya mita 20 asimame, na mtaro mfupi uchimbwe kukatiza njia ya mguu. Nyufa zinapaswa kusambaa pande zote mbili kutoka kwenye ncha hadi juu, na kukutana na zile za mguu wa pili. Zisipokutana, miguu isogezwe karibu. Mkulima asikubali shamba limalizwe kabla ya kufanya ukaguzi huu, kwani juu ya ardhi kazi mbaya na kazi nzuri hufanana.

Penye mteremko, trekta lifuate kontua. Mistari inayoshuka na mteremko hugeuka mitaro ya mmomonyoko mvua ya kwanza inyeshapo. Kifaa kinyanyuliwe kabla ya kugeuza trekta na kisirudishwe nyuma kikiwa ardhini. Mtu yeyote asipande juu ya fremu ili kuongeza uzito.

Mkulima mwenye uwezo mdogo si lazima apasue shamba lote. Anaweza kupasua tu mistari atakayopanda, sentimita 75 kati ya mstari na mstari kwa mahindi, kisha apande juu ya nyufa. Anayetegemea maksai naye anaweza kutumia ripa ya kukokotwa na wanyama, kama ile ya Magoye iliyobuniwa nchini Zambia, kwa tabaka lisilo na kina kirefu.

Baada ya kupasua

Udongo uliopasuliwa ni dhaifu na hushikamana upesi. Mkulima akirudi na plau ya diski na haro kwa kina kilekile, au akiruhusu lori lililojaa mahindi kuvuka shamba lenye maji, msimu mmoja huweza kuharibu kazi yote. Magari yapangiwe njia moja ya kudumu, na mifugo izuiwe wakati wa mvua.

Mizizi ndiyo inayozishikilia nyufa zisifunge. Mbaazi, njahi na alizeti huteremsha mizizi mirefu, na mabua yakiachwa juu ya ardhi hupunguza makali ya mvua na kuwalisha minyoo. Hiki ndicho kiini cha kilimo hifadhi, ambacho Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilisaidia kukieneza nchini Kenya na Tanzania katika miaka ya 2000.

Hatimaye, mkulima apime faida. Aache ukanda mmoja bila kuupasua, aupande na kuutilia mbolea sawa na sehemu nyingine, kisha apime mavuno ya kila upande. Gharama ya kupasua ekari moja ikigawanywa kwa bei ya gunia la kilo 90, atajua ni magunia mangapi ya ziada yanayohitajika kurejesha fedha zake. Ukanda huo ndio utakaomwambia kama arudie kazi hiyo baada ya miaka michache, au kama fedha hizo zingefaa zaidi kununua chokaa, samadi au mbegu bora.